Kata Mbili za Mama Mwalimu

Kanisa la Namilungo lilikuwa la miti na udongo, na sakafu yake ilisilibwa upya kila Jumamosi kwa udongo mwekundu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na mkubwa wao alikuwa Veronika, mke wa Mwalimu Andrea. Wenzake walipokwisha kusiliba, yeye alipita nyuma yao akiinama, na palipokuwa na ufa alipagonga kwa kidole bila kusema neno. Mwenye ufa wake alirudi kuuziba.

Alikuwa Mmwera wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye maneno machache. Siku ya ubatizo wake aliivua ndonya ya mdomo wa juu mbele ya watu wote. Tundu lilibaki, na kila alipokasirika mate yalimponyoka hapo, kwa hiyo alijizoeza kutokasirika. Mumewe alifundisha dini na kusoma, akaongoza sala za Jumapili. Padre alifika mara moja kwa mwezi kutoka misheni, mwendo wa siku mbili.

Watu walimwamini Veronika. Mke na mume wakigombana waliletwa kwake. Mwali wa Kikristo hakuposwa kabla yeye hajasema kwamba amefundishwa. Tangu mwaka wa vita hakuwahi kulifurahia jambo hata moja katika hayo.

Vita ilipofika Namilungo, mwezi wa Agosti 1905, Andrea aliondoka na Wakristo karibu wote kwenda Lindi kwa njia ya Mingoyo. Alibeba kichwani sanduku la vyombo vya altare. Veronika hakuweza kuondoka. Binti yao, Magdalena, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na mkwewe alikuwa Lindi tangu mwezi uliotangulia, amechukuliwa kazi ya barabara. Mkristo mwingine aliyebaki alikuwa Agnes, mfinyanzi mjane, ambaye kidonda cha mguu kilimzuia kutembea safari ndefu.

Siku ya tatu Jumbe Pazi alipiga ngoma. Uani kwake alikuwapo hongo, mgeni aliyegawa dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alikuwa na chungu kikubwa na kata ya kifuu ya kuchotea, na watu walipanga mstari. Aliyekataa alihesabiwa kuwa mtu wa Wajerumani, na watu wa Wajerumani walikuwa wakiuawa.

"Mke wa Mwalimu," Pazi alimwambia Veronika zamu yake ilipofika, "nilidhani umekimbia na sanduku."

"Nina mzazi ndani, Jumbe."

"Naye aje anywe."

"Hawezi kusimama."

"Basi yuko upande gani, huyo asiyeweza kusimama?"

Veronika aliwatazama vijana wenye mikuki waliokuwa nyuma ya Jumbe. "Fungu lake nitakunywa mimi," alisema. Akanywa kata moja, akanywa na ya pili. Agnes alikuwa nyuma yake akiegemea gongo. Naye alikunywa yake. Jioni ile Magdalena alijifungua mtoto wa kike.

Kweli ni hii: Veronika hakuiamini dawa ile hata kidogo. Wako watakaosema kwamba kwa sababu hiyo hakukosa. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawake kwamba Mkristo hakinywi kikombe cha mizimu, kwa imani wala kwa hofu. Hakuwa na mahali pa kujificha ndani ya mafundisho yake mwenyewe.

Kisha askari walikuja, wakachoma nyumba na ghala. Pazi alipelekwa Lindi akanyongwa. Watu walichimba ming'oko, viazi vya porini, na ilipokwisha ile ya karibu, wengi walikufa njiani kuitafuta ya mbali. Waliosalia wasio Wakristo hawakutaja tena nani alikunywa na nani hakunywa, maana askari walikuwa bado wakiuliza.

Andrea na Wakristo walirudi baada ya masika ya 1906. Jumapili ya kwanza, kabla Padre hajafika, alisimama mbele ya watu chini ya paa jipya la nyasi. "Wako waliotuuza kwa kata ya maji," alisema. "Mimi naweza kuapa: nyumba yangu haikunywa."

Hakuwa amemwuliza mkewe. Alimsifu kabla ya kumwuliza, na kumsifu mtu namna hiyo ni kumfunga kinywa. Padre alipofika na kutaka waliokunywa wasimame, Agnes alisimama peke yake. Veronika alikuwa ameketi mstari wa mbele, mjukuu wake mapajani, macho yake juu ya mumewe aliyekuwa ameapa. Hakusimama.

Padre alitoa amri. Aliyekunywa angeketi chini mlangoni mwaka mzima. Mahubiri yakiisha, mwalimu angesema, "Wenye kutubu watoke," naye angetoka kabla ya Misa yenyewe. Mwaka ukitimia angehojiwa na baraza la watu watatu: mwalimu, Mzee Yohana wa kanisa, na mkubwa wa wanawake. Wote watatu wakikubali, angepokewa na Padre.

Agnes aliketi mlangoni mwaka wote, na ulimi wake haukuketi.

"Agnes," wanawake walimtania kisimani, "risasi ziligeuka maji?"

"Ziligeuka ming'oko, mashoga zangu. Ndiyo mliyokula mliporudi."

Wakacheka. Veronika alijitwika mtungi wake akaondoka, nao wakasema Mama Mwalimu hapendi mzaha.

Jumamosi ya baraza, mwaka 1907, wanawake walisiliba sakafu kama kawaida. Agnes, kwa kuwa alikuwa bado nje ya kundi, alipewa kusiliba kizingiti tu. Wenzake walipokwenda kuchota maji, Veronika alimwendea akachuchumaa karibu naye.

"Leo watakuuliza mengi."

"Mdomo ninao, Mama Mwalimu."

"Mwaka mzima hukunitaja."

Agnes aliendelea kulainisha udongo kwa kiganja. "Nilikunywa kata yangu, nikaitubia. Zako sikuzinywa mimi."

"Unanidharau?"

"Mwanzo nilikudharau. Ulipokuwa ukinipimia udongo wa kizingiti nilikudharau sana. Siku hizi nakuonea huruma, maana mimi hapa mlangoni nasinzia hata mahubiri yanapita, na wewe kule mbele hujafumba jicho." Akainua uso. "Mficha uchi hazai, mama. Lakini umri wako wa kuzaa umekwisha pita."

Veronika hakujua acheke au alie. Aliinuka akarudi ndani.

Alasiri baraza liliketi ndani ya kanisa, kwenye mikeka. Andrea aliketi katikati, Mzee Yohana kulia kwake, Veronika kushoto. Agnes alikaa mbele yao, mguu wenye kovu ameunyoosha.

"Umetubu?" Andrea aliuliza.

"Nimetubu, Mwalimu."

"Mwenye kutubu hachekicheki kisimani," alisema Mzee Yohana.

"Mzee, ulitaka nilie ndani ya mtungi wa watu?"

"Unasikia majibu hayo?" Yohana alimgeukia Andrea. "Huyu bado."

Andrea aliinua mkono kumtuliza. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyependa jambo lifike mwisho wake. "Agnes, nakuuliza neno moja. Hukunywa peke yako. Mbele yako alisimama mtu, na nyuma yako pia. Katika Wakristo, ulikuwa na nani?"

"Nimekuja kusema langu."

"Anayemficha mwenye dhambi anashiriki dhambi yake."

"Basi niandikie hiyo pia."

"Kama humtaji, toba yako ni nusu. Utakaa mlangoni mwaka mwingine."

Agnes hakumtazama Veronika. Alitazama sakafu. Mwaka mmoja aliuvumilia kwa mzaha. Wa pili hakuwa na mzaha wa kutosha.

"Mimi nasema akae," alisema Yohana.

"Nami nasema akae," alisema Andrea. "Mama Magdalena, neno lako."

Neno hilo lilikuwa fupi. Angesema "akae", jambo lingekwisha, na Agnes asingemtaja, si mwaka ule wala mwingine. Veronika alilijua hilo, na hilo ndilo lililomshinda. Mtu anaweza kuishi na dhambi yake kwa muda mrefu. Kuibebesha juu ya mgongo wa mwingine, mbele ya macho yake, ni kazi nyingine.

"Apokewe," alisema. "Aliyesimama mbele yake ni mimi."

Mzee Yohana alikohoa. Andrea alimtazama mkewe kama mtu aliyesikia lugha ya mbali.

"Mbele yake wapi?"

"Uani kwa Pazi. Nilikunywa kata mbili. Yangu na ya Magdalena, ili asitolewe nje na uchungu wake."

"Mbili," alisema Yohana taratibu. "Na sisi tunamhoji huyu wa moja."

"Mimi niliapa," alisema Andrea.

"Uliapa bila kuniuliza, Baba Magdalena. Nami nikakuacha na kiapo chako. Kosa la kukuacha ni langu."

Mate yalimponyoka katika tundu la mdomo. Hakuyafuta. Andrea aliondoka akaenda kusimama nje, na baraza likaisha bila sala ya kufunga.

Asubuhi Padre, aliyefika usiku, aliwasikiliza wote. Alisema Agnes apokewe siku ile ile. Alimvua Veronika ukubwa wa wanawake, akamweka mlangoni mwaka mmoja kama wengine, bila kuongeza siku kwa ajili ya kata ya pili. Andrea aliuliza kama naye aache kufundisha.

"Hukunywa," Padre alisema. "Lakini uliapa mbele ya watu. Utarekebisha mbele ya watu."

Basi Jumapili ile Andrea alisimama mbele ya Wakristo wa Namilungo, Biblia mkononi, na sauti yake haikusikika vizuri nyuma. Mtu mmoja aliomba aseme kwa nguvu. Akasema kwa nguvu: "Niliwaambia nyumba yangu haikunywa. Ilikunywa. Niliapa jambo nisilolijua, kwa sababu nilitaka kuwa juu yenu."

Alihubiri kwa ufupi. Alipofika mwisho alifunga kitabu, akasema kama ilivyoamriwa, "Wenye kutubu watoke."

Veronika aliinuka mlangoni akatoka. Magdalena alitaka kumfuata na mtoto. Agnes, aliyekuwa sasa mstari wa pili, alimshika kanga akamketisha. "Kaa, mwanangu," alimnong'oneza. "Yale ni yake. Usimnyang'anye."

Siku nne Andrea alikula chakula cha mkewe bila kusema naye. Ya tano, akiwa amemaliza ugali, alilisukuma mbali bakuli la mboga.

"Yalikuwa na ladha gani?"

"Nini?"

"Yale maji."

Veronika alifikiri. Hakutaka kuongeza wala kupunguza. "Ya maji ya kisima, na mtama. Chungu kilikuwa hakijaoshwa vizuri."

"Na uliogopa?"

"Sana."

Andrea alitikisa kichwa muda mrefu. "Lindi nasi tuliogopa," alisema. "Tukiwa nyuma ya bunduki za watu." Akanawa mikono, akamwambia kwamba Jumapili ijayo achukue mkeka, kwa kuwa udongo wa kizingiti unapitisha baridi. Veronika akajibu kwamba Agnes hakukalia mkeka mwaka mzima, naye hatakalia.

Hakuukalia. Mwaka ulipotimia, baraza la watu watatu lilimhoji, na mkubwa wa wanawake, ambaye sasa alikuwa Agnes, alimwuliza swali moja tu, kama ametubu, kisha akasema apokewe.