Kiti cha Karani Mkuu

Mwalimu wa kompyuta katika ofisi yetu ya Changamwe nilikuwa mimi, na kidato cha pili sikukimaliza. Kijana aliyepelekwa kusomea kazi hiyo alipata ajira Nairobi mara tu alipohitimu, akaondoka. Mimi nilikuwa mpiga chapa, najua herufi ziko wapi, kwa hiyo nikapelekwa badala yake. Nilisoma jioni, mjini, kwa majuma machache, nikarudi na kitabu kinene cha Kiingereza na kasha la disketi.

Kufundisha hakukuwa kugeni kwangu. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, na mimi ndiye kifungua mimba. Nyumbani Magogoni wadogo zangu walinifungulia kila jioni madaftari yenye hesabu ambazo mimi sikuwahi kuzifikia shuleni. Nilizoea kuusoma ukurasa kwanza, peke yangu, huku wao wanaoga. Ofisini nilifanya vivyo hivyo.

Kampuni ilisambaza bidhaa za dukani: chumvi, majani ya chai, mafuta ya kupikia, sabuni, viberiti na vitu vingine vidogo. Mzigo ulifika kwa malori, ukawekwa kwenye godauni nyuma ya ofisi, kisha ukatoka kwenda Kongowea na Likoni na kwa wenye maduka. Kila mwisho wa mwezi karani mkuu aliandika karatasi moja kubwa, kwa rula na wino wa rangi mbili, kuonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, tuliletewa meneja mpya kutoka bara. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimu kila mtu asubuhi, na hakupaza sauti hata alipotukusanya kutuambia hivi:

“Hesabu ya mwezi huu itoke kwenye mashine. Na aitoe karani mkuu mwenyewe, isitolewe na huyu msichana. Akishindwa nitamwomba apumzike, na kiti nimpe anayeweza.”

Aliyeweza alikuwa mmoja tu, na watu wote waligeuka kunitazama. Mimi nilitazama sakafu.

Karani mkuu alikuwa wa ukoo wa zamani wa Mombasa, aliyehamia Mtopanga alipooa. Alivaa kofia iliyotiwa wanga, na shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi mpaka jioni. Nilimwita ami. Ilikuwa imesalia miaka michache afikie umri wa kustaafu.

“Nikipumzishwa,” aliniambia tulipokuwa wawili, “n’takaa barazani nimtazame mke wangu, naye anitazame. Sisi hatujatazamana mchana tangu tuoane. Wallahi tutaachana.”

Tulianza siku ya pili. Nilileta kigoda changu nikakaa kando yake.

“Sabalkheri, ami.”

“Sabalkheri, mwanangu. Mnyama wako ameamka?”

Siku hizi karatasi ile ya mashine inaitwa lahajedwali. Sisi hatukuwa na jina lake. Ilikuwa kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, kimegawanywa visanduku vilivyoshuka kwa safu na kwenda kwa mistari. Ami aliielewa kwa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ilifanana na alichokuwa akikichora kwa rula. Hilo ndilo lililotuchelewesha. Aliitumia kama karatasi. Alijaza safu ya chumvi, zilizotoka akizitia alama ya kutoa, midomo ikacheza, kisha akaandika jumla chini.

“Hii jumla ami umeiandika mwenyewe?”

“Nimeijumlisha kwa kichwa. Ina makosa?”

“Haina. Lakini hebu badilisha ile ya juu, weka mia mbili.”

Akabadilisha. Jumla ya chini haikutikisika.

“Waona, ami? Ya juu imebadilika, ya chini imekaa vile vile.”

“Sasa itabadilikaje, na mimi sijaigusa?”

Jambo hilo lilituchukua siku kadhaa. Nilimwambia mashine haitaki jawabu, inataka amri. Aende kwenye kisanduku cha chini, aiambie ijumlishe, aanzie nambari ya kwanza juu kabisa, ateremke mpaka ya mwisho, afunge. Akafanya, na jumla ikatokea. Akabadilisha nambari ya juu, jumla ikabadilika yenyewe. Akasogeza kiti nyuma.

“Nami n’tajuaje kuwa haikusema uongo?”

Nilimwambia aipime. Basi kwa siku nyingi walishindana. Mashine ilitoa jumla kwa kupepesa jicho, naye akashuka safu nzima kwa sauti ya chini, “khamsa wa ishirini, na thamanini, na mia,” mpaka wafike pamoja. Kila walipokubaliana alikitikisia kioo kichwa, kama mtu amsalimiavyo jirani asiyempenda.

Mtunza stoo, kijana wa bara aliyekuwa na maneno mengi, alikuwa akipita makusudi.

“Mzee, umeoa bibi wa pili? Tangu asubuhi mnaangaliana tu.”

“Huyu hata chai hapiki.”

“Lakini hakuulizi umetoka wapi.”

“Ndiyo maana namvumilia.”

Ilipokaribia mwisho wa mwezi alikuwa anaweza kazi yote bila mimi. Nilimpa nambari za mwezi uliopita azijaze kwa mazoezi, na safu zote zikatoka sawasawa na karatasi yake ya mkono. Meneja alikuja akasimama nyuma yetu, akasema vizuri. Mimi nilianza kulala usingizi.

Siku ya karatasi yenyewe, ami aliingia mapema, akafungua ukurasa mpya, akajaza. Nilikaa naye kwa safu ya chumvi na ya majani ya chai, kisha nikaitwa kupiga barua. Niliporudi alikuwa amekwisha kuichapisha. Karatasi ilikuwa ndefu, yenye matundu pembeni, na alikuwa ameshaitia sahihi. Tuliipeleka kwa meneja pamoja.

Alasiri meneja alitoka godauni na karatasi mkononi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa sabuni. Karatasi ilisema zimebaki katoni nyingi kuliko zilizokuwamo ndani, na si chache zilizopungua, ni mia kadhaa.

Mtunza stoo alikuwa wa kwanza kusema.

“Mnaniangalia mimi? Kwani mimi hula sabuni?”

“Sijasema umekula,” meneja alimjibu. “Nasema ama mali imepotea, ama karatasi si ya kutegemewa.” Akamgeukia ami. “Mzee, miaka yote hii karatasi yako ya mkono iliwahi kukosea namna hii?”

“Haijawahi.”

“Basi mashine imekushinda.”

Ami hakujitetea. Alisema tu kwamba mali ihesabiwe upya kabla mtu hajaitwa mwizi au mjinga. Meneja akampa siku moja.

Kesho yake wapagazi walishusha sabuni yote na kuipanga upya. Ami alikaa mlangoni juu ya gunia la chumvi, kofia kichwani, akiandika kila safu ya katoni iliyotimia. Mtunza stoo alipaza hesabu, mimi nikairudia, ami akaandika. Vumbi la sabuni lilitupigisha chafya sote. Baada ya adhuhuri tukapata idadi kamili. Nilichukua penseli nikaitoa kwenye ile ya karatasi ya mashine, nikasoma kilichobaki.

“Mia saba thamanini na sita.”

Ami aliinua uso. Nami nikamwangalia.

“Mbona mmekauka?” mtunza stoo akauliza. “Ni nyingi sana?”

Kwa mtu asiyejua niseme hivi. Wazee wengi wa Kiislamu wa Mombasa, hasa waliofanya kazi kwa matajiri wa Kihindi, waliandika nambari hiyo juu ya kila karatasi badala ya kuandika Bismillahi. Kila herufi ya Kiarabu ya maneno yale yote, Bismillahi Rahmani Rahimi, ina thamani yake, na ukizijumlisha zote unapata mia saba thamanini na sita. Waliandika nambari kwa sababu karatasi hutupwa, hukanyagwa, hufungiwa karanga, na jina la Mungu halistahili hayo. Nambari hiyo ilikuwa juu ya kila karatasi ya ami, katikati, tangu nimjue, na macho yetu yalikuwa yameizoea kiasi cha kutoiona. Ilikuwa juu ya hii pia. Katikati ya karatasi ile ilikuwa safu ya sabuni.

“Kwenye mazoezi hukuiweka, ami.”

“Mazoezi ni mchezo. Jambo lile haliwekwi mchezoni.” Alivua kofia akapangusa paji la uso. “Wewe uliniambia nianzie nambari ya kwanza juu kabisa.”

Tulirudi ofisini tukaitazama. Ilikuwa kama tulivyodhani. Amri yake ilianza kwenye kisanduku cha juu kabisa na kushuka, na mashine, isiyojua dua, ilihesabu Bismillahi kuwa katoni za sabuni.

Meneja alisikiliza yote bila kucheka. Mtunza stoo alicheka kwa niaba yake, mpaka akalazimika kutoka nje.

“Nimeelewa,” meneja alisema. “Basi itoe hiyo nambari.”

“Siwezi.”

“Aanzie chini yake tu,” nikasema mimi.

“Mwezi huu ataanzia chini yake. Mwezi ujao atasahau, nami nitapeleka makao makuu hesabu ya mali isiyokuwapo. Mzee, sina ugomvi na dini yako. Lakini karatasi ya kampuni haiwezi kuwa na nambari isiyo ya mali.”

“Bwana meneja, sijaanza hesabu ya watu hata siku moja bila hiyo. Nikianza bila hiyo, hata ikitoka sawa mimi sitaiamini.”

Meneja akasema, kwa upole ule ule, kwamba atangoja mpaka asubuhi. Karatasi itoke bila nambari, au mimi nihamie kile kiti.

Jioni hiyo nilimweleza shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututazama. Hakuona tatizo.

“Kiti umepewa, kaa. Una watoto wa kulisha.”

“Nimepewa kiti chenye mtu.”

“Mtu anaondoka.”

“Bado hajaondoka, shangazi.”

Alisonya akaenda kuangalia chungu. Mimi nikafungua kile kitabu kinene, na kamusi ya mmoja wa wadogo zangu kando. Nilitafuta namna ya kuifungia mashine isianzie mstari wa kwanza, sikuipata. Nilichokipata kilikuwa kidogo zaidi, katika sura ya kupamba vichwa vya safu, sura niliyoiruka mjini kwa kuiona ya upuuzi. Kulikuwa na kialama mfano wa paa dogo la nyumba. Ukikitanguliza mbele ya kitu chochote, mashine hukiweka kitu hicho katikati ya kisanduku na kukichukua kuwa neno. Na maneno mashine haiyajumlishi.

Asubuhi nilimkuta ami amefika kabla yangu. Nilimwonyesha. Alikitazama kile kialama kwenye kibodi kwa muda.

“Kama kofia.”

“Kama kofia, ami.”

“Kumbe nilikuwa nimeiweka kichwa wazi.”

Akakibonyeza, akaandika nambari, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Paa lenyewe halikuonekana tena kwenye kisanduku. Ilibaki nambari, katikati, kama ilivyokaa siku zote kwenye karatasi zake. Hatukuijaribu. Alisema tukimwita meneja aone jambo ambalo sisi tumekwisha kuliona, itakuwa mchezo wa kuigiza, na yeye hakuja kazini kuigiza.

Meneja alikuja na kikombe chake mkononi. Ami alimweleza kwa maneno machache, kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alifuta jumla ya sabuni, akaanza upya, na mbele ya macho ya meneja akaanzia pale pale juu kabisa, juu ya Bismillahi yenyewe, akateremka taratibu kisanduku kwa kisanduku mpaka chini. Kidole chake kilitua kwenye kitufe, kikangoja, kikabonyeza.

Meneja aliinama. Alikuwa na hesabu ya godauni mfukoni, akaitoa, akalinganisha mara mbili, zikawa sawa.

“Na mwezi ujao?”

“Inshallah itakuwa hivi hivi.”

“Ukisahau hicho kialama?”

“Nikisahau, sabuni itazidi, nawe utajua imezidi kiasi gani.”

Meneja alicheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Akaiomba karatasi ichapishwe, akaichukua, akaenda nayo ofisini kwake akafunga mlango. Kuhusu kiti hakusema neno, siku ile wala baadaye.

Ami aliweka kofia sawa, akavuta kiti mbele. Mimi nilivuta kigoda nikae kando yake kama kawaida, kwa kuwa nilitaka kumwonyesha namna ya kuifanya karatasi ya mwezi mmoja izae ya mwezi mwingine, asiandike vichwa upya.

“Mwanangu,” alisema, macho kwenye kioo, “hilo utan’onyesha kesho. Leo kaa mbali kidogo, n’fanye kazi.”

Nilibeba kigoda changu na kitabu mpaka meza ya pili. Karani wa ankara, mama wa makamo aliyekuwa amefuatilia yote kutoka pale alipokaa, alikuwa bado hajaitoa mashine yake ndani ya kifuniko. Aliponiona naja alianza kutafuta miwani.