Simu Ilichagua Ziwa

Baba alibaki ufukweni siku tuliyopanda meli. Walitangulizwa wanawake na watoto, wanaume wakaambiwa wasubiri zamu yao. "Tangulieni, nakuja," alisema. Hakuja. Kuhara kulimchukua kabla zamu yake haijafika, na habari zilitukuta katika kambi ya wakimbizi, tukiwa kwenye foleni ya unga. Mama hakutoka kwenye foleni. Mimi pia sikutoka. Tulipofika mbele tukapimiwa, tukarudi hemani.

Miezi kadhaa baadaye mkalimani mmoja wa pale kambini, aliyemjua baba tangu nyumbani, alinirushia picha kwenye simu. Ilipigwa na mgeni aliyekuwa melini pamoja nasi, meli ilipoanza kuondoka.

"Baba yako yumo," mkalimani aliniambia. "Nimemwona kwa macho yangu kwenye kompyuta ya yule mgeni."

Simu yangu ilikuwa ndogo, kioo chake hakikuzidi kiganja cha mtoto. Ziwa lilionekana vizuri, jeupe, linang'aa kwa jua la adhuhuri. Chini ya turubai la pale ufukweni, walikokaa wanaume, palikuwa peusi ti. Mama aliisogeza simu machoni, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Hayumo," alisema, akanirudishia.

Tulipopata kibali cha kumpeleka mama hospitali mjini Kigoma, tulipitia kwa fundi simu mmoja pale Gungu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliihamishia picha kwenye kompyuta yake, akaitazama.

"Kamera ya huyu mtu hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja," alieleza. "Nyingine inashika penye mwanga, nyingine penye giza, halafu zinaunganishwa. Vyote vimo humu. Ila kioo chako, dada, hakiwezi kuonyesha vyote. Simu inalazimika kuchagua. Imechagua ziwa."

"Sisi tunataka pale kwenye turubai."

"Patatokea. Lakini ziwa litaharibika."

"Liharibike," mama akasema.

Fundi alisogeza kitu, giza likaanza kukonda. Zikatokea ndoo, kisha miguu ya watu, kisha shati la baba lenye mistari. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akitutazama tunavyokwenda. Hakuwa anatutazama. Alikuwa ameipa meli mgongo, anacheka na mwanamume mwenye kofia ya sufu, na vidoleni ameshika sigara.

Mama aliinamia kompyuta.

"Alikuwa ameacha sigara," alisema.

Nadhani fundi alitegemea tulie, maana alituvutia viti na akatoka nje, akasimama na waendesha bodaboda. Hatukulia. Mimi nilikuwa nahesabu kava za simu zilizoning'inia ukutani. Nilipomaliza nikaanza upya.

Aliporudi akatengeneza nakala inayofaa simu yangu. Baba sasa alionekana hata kwenye kioo kile. Ziwa lilikuwa la kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo.

Tangu siku hiyo mama akawa anamtafuta mwenye kofia. Alizunguka hema kwa hema na simu yangu mkononi, bila haraka, kama mtu anayetafuta chumvi ya kuazima. Wiki ya pili akampata, akaja kunichukua twende wote. Yule mtu aliishika simu muda mrefu. Alijitambua kwa kofia kabla ya kuitambua sura yake.

"Sigara ilikuwa yangu, shemeji," alimwambia mama. "Aliniomba avute kidogo tu. Akasema, mama watoto ameshapanda meli, hanioni."

"Ndicho kilichomchekesha?"

"Ndicho hicho."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akauliza baba alizikwa wapi. Yule mtu akasema alikuwa mmoja wa waliochimba, kwamba ni juu kidogo ya ufukwe, kwenye mawe, na kwamba walimfunika kwa kitenge alichokuwa amejitandikia. Mama akauliza kitenge cha rangi gani. Cha kijani, akajibiwa. Akamshukuru, tukaondoka.

Njiani nilimuuliza kama anataka niiweke ile picha mbele, iwe inaonekana kila simu inapowashwa.

"Hapana," alisema. "Iache humo humo ndani."

Nikaiacha.