Mzee Pundamilia

Baba yangu alipaka rangi barabara za mji huu miaka thelathini na mmoja, na mzunguko mkubwa wa magari karibu na kwetu ndio alioupenda kuliko sisi wanawe. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, jiwe kwa jiwe, kwa brashi ya mkono. Majirani walimwita Mzee Pundamilia, naye aliitika.

Alipostaafu, kumbukumbu zikaanza kumtoka. Jina langu lilikwenda mapema. Lakini kila asubuhi alitoka kunyoosha miguu, na adhuhuri alirudi mwenyewe, kwani njia ya nyumbani hakuisahau: fika kwenye mzunguko, fuata mawe, shika kushoto, mlango wa bluu. Mimi ni fundi cherehani, sikuwa na mtu wa kumsindikiza. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, baba asipotee.

Kisha ikaja habari ya barabara za juu, ngazi tatu, foleni kwisha. Mwaka mzima wajenzi walichimba pembeni, mzunguko wakauacha. Siku waliyoanza kuuvunja ili wasimike nguzo, nilimwambia.

"Uvunjwe na nani? Rangi yenyewe haijakauka!"

Nilicheka. Siku ya tatu nilikuwa na nguo za harusi mezani, mwenye nguo kanisimamia mlangoni, nikamwacha baba atoke. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Adhuhuri hakurudi. Alasiri nilimkuta kituo cha polisi, kainamisha kichwa.

"Mzee wako ametuchosha, dada," askari alisema. "Tangu asubuhi ni mzunguko, mzunguko. Sote tumemwambia hakuna kitu kama hicho."

"Mzunguko ulikuwepo mpaka juzi!" nilimwambia.

"Mimi nimehamia jana."

Nilipandwa na hasira nikamshika baba mkono. Baba hakuwa amekosea hata hatua moja. Siku nzima alisema kweli, na watu wazima wenye akili zao wakamkanusha mpaka akawaamini.

Asubuhi iliyofuata niliifunga cherehani, nikamletea viatu. "Twende, baba. Leo tunatoka wote."

"Tutarudi wapi?" aliniuliza. "Wamesema kwetu hakuna."

Aliishi miezi minne zaidi, kwenye kiti cha sebuleni. Kila jioni aliniomba, kwa adabu kabisa, nimruhusu alale kwangu siku moja tu, kesho akatafute kwao.