Bluu Niliyopaka Kichwani

Wageni wa dada yangu walikuwa waje Jumapili. Walikuwa watu wa Nyamarambe, baba na mama wa kijana aliyetaka kumuoa, pamoja na shangazi yake, na ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda kuja kwetu Manga. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya. Mama alikuwa ameshachagua kuku. Mimi nilipewa kazi ya kuwanawisha wageni mikono, kazi ambayo inamfanya kila mgeni akutazame kwa karibu huku hana lingine la kufanya.

Nilitaka nipendeze. Nilikuwa nimeona kwenye simu msichana mwenye nywele fupi za rangi ya asali. Zangu pia zilikuwa fupi, nikadhani kazi imeshafika nusu. Nikaenda sokoni Keumbu kununua unga wa kuondoa rangi ya nywele na kichupa cha dawa yake. Muuzaji aliniuliza kama najua kuutumia. Kulikuwa na wateja wengine nyuma yangu, nikaitikia kwa kichwa kwamba najua. Sikujua.

Ijumaa mchana Mama alikuwa shambani akichuma majani chai na dada alikuwa ameenda mjini Kisii kutafuta vitambaa vya meza. Nikakaa nyuma ya jikoni, nikakoroga unga ule kwenye bakuli kuukuu, nikapaka. Ulichoma kama pilipili. Nikavumilia, kwa sababu nilifikiri urembo wote huchoma. Nilipoosha na kujitazama kwenye kioo ambacho Baba hunyolea ndevu, niliona manjano ya kifaranga karibu na ngozi, na huko kwenye ncha wekundu kama udongo wa barabara. Rangi mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa asali.

Mtu mwingine angemkimbilia jirani. Mimi niliona aibu hata kutoka uani. Ndipo nikakumbuka bluu.

Mama ni shemasi kanisani kwetu. Gauni lake jeupe la huduma huanza kuwa na umanjano, naye Ijumaa hulichovya kwenye maji ya bluu, ile ya kufulia, na umanjano unaondoka. Nimeliona jambo hilo tangu nikiwa mtoto. Nikajiambia kwamba kinachotoa manjano kwenye kitambaa hakiwezi kushindwa na nywele. Na kwa kuwa nywele zangu zilikuwa na umanjano mwingi kuliko gauni lolote, nikaweka bluu nyingi, nikajifunga mfuko wa plastiki, nikangoja.

Nilipofungua, palipokuwa na manjano palikuwa kijani. Zile ncha nyekundu zilikuwa rangi ya matope.

Wa kwanza kuniona alikuwa nyanya, mama yake Baba, ambaye sote tunamwita Magokoro. Kwetu mama na baba hawafanyi mzaha na mtoto, lakini nyanya ana ruhusa yote, naye huitumia.

"Ee Nyasae! Mke mwenzangu, umeotesha mboga za chinsaga kichwani?"

"Magokoro, tafadhali, usiseme kwa sauti."

"Nikinyamaza zitageuka? Njoo nichume kidogo, nina maziwa ya kupikia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alipofika na kikapu chake mgongoni hakucheka. Alisimama tu, akanitazama kichwani, kisha akatazama jua. Lilikuwa limeshagusa mlima. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na nyumbani kwetu hakuna kuosha, hakuna kupika, hakuna kazi yoyote mpaka jua la Jumamosi lizame. Hata saluni tunazozijua Keumbu ni za watu wa kanisa letu, na Jumamosi zinafungwa.

"Lete wembe," nikamwambia Mama. "Ninyoe zote sasa hivi, kabla jua halijaisha."

Hapo Magokoro aliacha kucheka.

"Wembe? Wageni wanakuja kuomba msichana, wewe unataka wakute kichwa cha matanga? Watauliza ni nani tumemzika. Na wakirudi kwao na swali hilo, nani atawaleta tena?"

Mama akakubaliana naye. Kwetu kichwa hunyolewa hivyo baada ya maziko. Sikuwa na njia ya kubaki na nywele zile wala njia ya kuziondoa.

Dada alifika wakati tunaimba wimbo wa kufungua Sabato. Nilikuwa nimejifunga kitambaa, lakini Magokoro alishamwambia kule mlangoni. Alingoja sala iishe, akanifuata chumbani, akanivuta kitambaa.

"Hii ni nini umefanya?"

Nilikirudisha kitambaa kichwani.

"Uliona watu wanakuja kwa ajili yangu, ukaamua wakutazame wewe. Si ndivyo? Hukuweza kuniachia siku moja tu."

Nilitaka kumwambia si hivyo. Lakini nilipotafuta maneno niliona kwamba alikuwa amekaribia ukweli, maana ni kweli nilitaka wanitazame. Sikuwa nimetaka kumnyang'anya kitu. Nilishindwa kuyatenganisha hayo mawili, nikanyamaza, naye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu.

Kanisani siku iliyofuata sikukaa na kwaya ya vijana. Nilikaa benchi la nyuma, kitambaa kikiwa kimebana mpaka masikio yakauma. Mama mmoja aliniinamia akanong'ona, "Ni meno, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Kwa hiyo nikadanganya pia, tena Sabato, ndani ya kanisa. Dada alikaa benchi lingine. Kila mara kwaya iliposimama nilitazama mgongo wake, nikiomba ageuke. Hakugeuka.

Jumapili asubuhi Mama alimwambia dada anipeleke Keumbu kwa msusi, na tusichelewe. Siku yake mwenyewe, wakati alipaswa kuwa anapiga pasi nguo yake, dada alipanda pikipiki na mimi.

Msusi alinifungua kitambaa mbele ya watu.

"Haiya! Nani alikufanyia hivi?"

"Ni mimi."

"Na ukapaka nini juu?"

"Bluu."

"Bluu gani?"

"Ya nguo."

Saluni nzima ilicheka. Mwanamke aliyekuwa anasukwa aliuliza kama nilijianika kwenye kamba pia. Msusi alicheka nao, kisha akanigusa ngozi kwa ncha ya kidole, akaona vidonda, akapunguza sauti. Alinipaka mafuta mazito kwanza. Akasema akiweka nyeusi moja kwa moja, kijani kitachungulia tena baada ya kuosha mara chache, hivyo ataanza na kahawia yenye wekundu, ule wekundu ukizime kijani, ndipo aweke nyeusi.

Nilipoinamishwa kwenye beseni dada alishika taulo juu ya macho yangu ili dawa isiingie. Sikuweza kumuona, na kwa sababu sikumuona nikaweza kusema.

"Nilitaka nipendeze. Ili usinionee haya mbele yao."

Taulo halikusogea. Maji yalikuwa yanamwagika.

"Funga macho," akasema. Basi.

Nywele zilitoka nyeusi, nyeusi isiyo na uhai, kama masizi ya sufuria, na chache zilibaki kwenye mikono ya msusi. Rangi ilikuwa imeshika masikio yangu na kipaji cha uso, nayo haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta. Nikarudi nyumbani hivyo.

Wageni walifika. Nikapita na birika na beseni, nimeinama, macho yangu kwenye vidole vyao. Nilimnawisha baba wa kijana, nikamnawisha mama yake. Nilipofika kwa shangazi, aliweka mikono chini ya maji lakini hakuisugua.

"Huyu binti ameungua? Mbona masikio ni meusi hivi?"

Niliona miguu ya Mama ikisogea. Nikajua sasa nimemharibia dada, mbele ya watu wenyewe.

"Hajaungua," dada akasema kutoka kiti chake. Mbele ya wakwe msichana hatakiwi kuongea ovyo, naye aliongea. "Huyu ni mdogo wangu. Alitaka kupendeza kwa ajili yenu, akajipaka bluu ya nguo, nywele zikawa kijani. Tumetoka kuzirekebisha sasa hivi."

Baba wa kijana aligeuka akatazama dirishani, kama inavyompasa mkwe. Mama wa kijana alijaribu kujizuia akashindwa. Shangazi ndiye aliyecheka zaidi, mikono yake ikitikisika kwenye maji, na Magokoro akadakia kutoka pembeni kwamba chinsaga yenyewe ilikuwa nzuri, ni vile tu haikupata maziwa. Wakacheka wote tena, na dada akacheka nao, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Alikuwa ameniamini. Nililijua hilo pale pale, na bado nilitamani ardhi ipasuke. Maji yalinimwagikia miguuni. Nilimaliza kunawisha, nikarudisha beseni jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na kuni mpaka Mama aliponiita kupeleka chakula.