Rufaa Iliyochanwa Barazani

Mwinyimvua wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa mpiga taipu wa barazani, na kama kulikuwa na mtu Kariakoo nzima aliyeringia neno moja tu la Kiswahili, basi ni yeye. Neno lenyewe ni kutangua. Wengine walisema kufuta, wengine kuvunja, wengine kughairi. Yeye alisema kutangua, tena alilitamka taratibu, miwani imeshuka puani, kama anayeonja mchuzi kabla haujaipuliwa.

Msimcheke upesi. Neno hilo lilimlisha. Tangu mkoloni hajaondoka alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba aliyorithi kwa mama yake, taipureta yake ikiwa juu ya sanduku la chai, akiwaandikia watu barua. Barua za kuomba kazi hazikumpa sifa yoyote, kwa sababu kazi zenyewe hazikupatikana. Barua za kutangua ndizo zilizomjengea jina: kutangua uchumba, kutangua wosia, kutangua mapatano ya ubia wa kuuza nazi. Watoto wa chuoni walikuwa wakikariri mambo yanayotangua udhu. Kina mama walilalamika kwamba mvua imetangua shughuli. Mwinyimvua aliwaambia wote kwamba maana ni hiyo hiyo moja: kilichofungwa kimefunguliwa, na kila mtu arudishiwe chake.

Tena alikuwa na desturi yake, na mtaa mzima uliipenda. Uchumba ukitanguliwa, pande zote mbili zilikuja barazani. Posa ilirudishwa palepale, kanga, mkufu, hata sinia lililokuja na tambuu. Kisha Mwinyimvua aliichukua ile karatasi ya zamani ya makubaliano, akaiinua watu waione, akaichana katikati, na kila upande ukapewa kipande chake. Baada ya hapo hakuna aliyedai kitu. Wapo waliokuja kutazama tu, na mimi sishangai, maana miaka ile ya uhaba burudani nyingine ilikuwa kupanga foleni ya sabuni.

Sasa, uani kwake walipanga mtu na mkewe, Hamis na Kuruthumu. Hamis alikuwa mchukuzi wa sokoni, mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Kuruthumu alikaanga maandazi. Mama yake Kuruthumu alipofariki, Hamis alikwenda Rufiji kwa jamaa zake, akarudi na magunia mawili ya mchele kwa ajili ya arobaini. Njiani akakamatwa. Hakuwa na kibali cha kuingiza nafaka mjini, na sheria ya wakati ule haikutaka kujua habari za marehemu wala hitima. Mahakama ya mwanzo ikamwita mlanguzi, ikampa mwaka mmoja.

Alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Mwinyimvua aliiandika mwenyewe, kurasa tatu, bila kuchukua hata senti. Na niseme kweli, iliandikwa vizuri. Ilieleza msiba, ilieleza kwamba mchele ulikuwa wa kula si wa kuuza, ilikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi ya kuthibitisha kifo, na Hamis alikuwa ameweka dole gumba chini. Siku ya kumi na mbili kila kitu kilikuwa tayari. Ilibaki kuipeleka mahakamani kesho yake asubuhi.

Mchana wa siku hiyo, katika taarifa ya habari ya saa saba, redio ya muuza kahawa wa jirani ikatangaza kwamba sheria ile ya vibali vya nafaka imetanguliwa.

Mtaa ulilipuka kwa vigelegele. Kuruthumu alitoka uani mbio, mikono imejaa unga.

"Mzee, nimesikia vizuri? Maana yake nini?"

Watu walikuwa wamekwisha kusogea barazani, wote wanamtazama Mwinyimvua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Siku hiyo alijiona mkubwa kuliko hakimu.

"Maana yake sheria haipo. Sheria haipo, kosa halipo. Kosa halipo, kifungo cha nini? Mumeo anarudi, mwanangu."

"Na rufaa?"

"Utakata rufaa juu ya nini? Juu ya kitu kilichotanguliwa?"

Selina, mshonaji wa nyumba ya pili, ndiye peke yake aliyekunja uso. "Mzee, si tungeuliza kwanza pale mahakamani? Ni hapo tu."

"Binti, neno hili nalijua kabla hujazaliwa," akasema Mwinyimvua. Akaziinua zile kurasa tatu watu wazione. Akazichana katikati. Nusu akampa Kuruthumu, nusu akabaki nayo kwa niaba ya Serikali. Watu wakapiga makofi.

Mjinga! Samahani, nilijizuia nisiseme, lakini nimeshindwa.

Wiki ikapita, Hamis hakuonekana. Mwinyimvua akasema Serikali ina taratibu zake, makaratasi lazima yazunguke. Wiki ya pili ikapita. Kuruthumu alikwenda gerezani siku ya kuonana na wafungwa, akampa mumewe habari njema, akarudi amechangamka. Akachovya rangi kanga yake iliyopauka. Kila jioni alibakiza maandazi manne kwenye bakuli, akayafunika, na asubuhi akayala mwenyewe na chai.

Siku ya arobaini na moja tangu hukumu, Mwinyimvua alikwenda mahakamani kugongesha mhuri hati ya mtu mwingine. Akamkuta karani Aristides, kijana wa Bukoba, mtaratibu, anayekunja mikono ya shati sawasawa. Mwinyimvua akamuuliza, kwa utani, lini watawarudishia watu mabwana zao.

"Mabwana gani, mzee wangu?"

"Wa vibali vya nafaka. Si sheria imetanguliwa?"

"Imetanguliwa, ndiyo. Kuanzia tarehe ile kwenda mbele. Waliokwisha kuhukumiwa wanamaliza vifungo vyao."

Mwinyimvua alicheka. Kisha akaona Aristides hacheki.

"Lakini kosa halipo!"

"Kwa anayebeba mchele leo, halipo. Yule alibeba wakati sheria ipo. Labda kama alikata rufaa. Kuna mmoja wa Ilala rufaa yake ilisikilizwa juzi, ametoka. Walimwonea huruma, mchele ulikuwa wa harusi." Aristides akafungua daftari. "Wako anaitwa nani?"

Mwinyimvua akashika ukingo wa meza. Mchele wa harusi! Na wa Hamis ulikuwa wa arobaini ya mkwewe, na barua ya balozi juu yake. Miaka ishirini na mitano ya kuandika barua, na hakuwahi hata siku moja kuuliza kama sheria inapotanguliwa inarudisha ilichochukua. Alidhani Serikali nayo inarudisha sinia.

Alirudi Sikukuu kwa miguu bila kumwamkia mtu. Kuruthumu alikuwa anakanda unga. Mwinyimvua alimweleza akiwa amesimama, kwa sababu aliona hastahili kukaa, na alimweleza yote, mpaka mtu wa Ilala.

Kuruthumu aliacha kukanda. Alitazama unga, akamtazama yeye, akautazama tena unga.

"Mzee, nimemwambia anarudi," akasema. "Amekwisha kuwaaga wenzake."

Mwinyimvua alitamani Kuruthumu amtukane. Tusi angeweza kulibeba.

Aristides alikuwa amemwambia kwamba iko njia moja tu, nyembamba: ombi la kukata rufaa nje ya muda. Lakini hakimu lazima aelezwe sababu ya kuchelewa, na iwe sababu ya kweli. Mwinyimvua akaketi kwenye taipureta. Kuruthumu akasimama nyuma yake, mikono bado na unga.

Akaanza kupiga: Kutokana na sababu zisizozuilika.

"Zilizuilika," akasema Kuruthumu. "Selina alikuzuia. Andika jina lako."

Akaitoa karatasi, akaweka nyingine, akaandika jina lake. Alijua kitakachofuata. Barua ile ingesomwa mbele ya watu, na hakuna atakayemletea tena hata barua ya kuomba likizo. Aliandika hadi mwisho, na safari hii hakupamba.

Jumamosi alikwenda gerezani mwenyewe. Kuruthumu alikataa kwenda. Alisema uongo wa kwanza ameupeleka yeye, ukweli aupeleke mwenye neno lake. Askari akawaketisha kwenye benchi, akasimama pembeni.

Hamis alikuja ameoga, nywele amezichana. Chini ya kwapa alikuwa ameshika kifurushi, msuli wake na kikombe cha bati.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba."

"Niliwaambia wenzangu, mzee Mwinyimvua atakuja kunichukua mwenyewe. Wakabisha." Akaiona karatasi na kidau cha wino. Uso wake wote ukafunguka. "Naweka dole hapa?"

Mwinyimvua alifumbua mdomo amwambie asubiri. Hamis alikuwa amekwisha kuchovya kidole. Alikibonyeza chini ya ukurasa, kwa nguvu, akakishikilia pale, anacheka. Kisha akajifuta wino kwenye kaptura ya jela, akachukua kifurushi chake na kusimama.

"Haya, twende. Mke wangu hajambo?"

"Kaa, mwanangu," akasema Mwinyimvua.

"Nikae tena?"

"Kaa. Hujasomewa ulichotia dole."

Hamis akakaa, kifurushi mapajani, bado ana tabasamu. Mwinyimvua akaivaa miwani. Akaiweka karatasi kwenye magoti, akaanza kusoma kwa sauti, kuanzia jina lake mwenyewe.