Hakika ya Mehetabel Crowell

Mehetabel Crowell alikuwa akisukasuka maziwa atoe siagi pale furaha ilipomvaa. Hakusikia sauti wala hakuona malaika. Alijua tu, ghafla, kwamba Mungu amemsamehe. Akatoka mbio na mikono yake ya mafuta hadi shambani kwa mumewe.

"Jabez! Nimepata! Nimepata, mume wangu!"

"Umepata nini tena? Yule nguruwe wetu aliyepotea?"

"Neema, wewe! Neema!"

Jabez akatupa jembe, akamnyanyua juujuu. Walikuwa na sababu. Kote Massachusetts, koloni la Waingereza kule Amerika, siku zile makanisa yalikuwa yakigombana juu ya nani abatizwe, na la kwao lilikataa katakata kulegeza kamba: mtoto habatizwi mpaka mzazi asimame mbele ya wote, aeleze neema ilivyomshukia, nao wamwamini. Jabez alishajaribu, akakauka kama gogo. Na mtoto wao Hopestill alikuwa akikohoa tangu majira ya baridi. Mehetabel hakutaka hata kuwaza kumzika mwanawe bila ubatizo, nje ya agano la Mungu.

Sabato ilipofika alisimama, akamwaga yote, uso ukiwaka. Mimi nasema hakuna aliyewahi kusema vizuri vile katika jumba lile la mbao. Ndipo akainuka shemasi Tarbox, mzee aliyezikagua roho za wenzake kama anayenunua ng'ombe.

"Mama Crowell, na mashaka je? Huwa yanakujia?"

"Hata chembe, mzee wangu!"

Basi hapo akaharibu. Kwa watu wale, mwenye hakika kupita kiasi ndiye wa kuogopwa; mteule wa kweli wa Mungu hutetemeka, hana uhakika na wokovu wake. Minong'ono ikaanza upande wa wanawake, ikahamia kwa wanaume.

"Shetani naye anajua kufurahisha watu, binti yangu," akasema mchungaji, kwa upole kabisa. "Utajuaje kama si yeye?"

Mehetabel akafungua kinywa amjibu. Akaitafuta ile furaha kifuani, asiione. Akamtazama Hopestill mikononi mwa babake.

"Sijui," akasema. "Ee Mungu wangu, sijui! Nilipoingia humu nilikuwa najua!" Akaangua kilio cha mtu aliyefiwa.

Shemasi akapiga paja lake. "Sasa hapo umesema, mwanangu! Hicho ndicho kilio cha mteule!"

Mikono ikapanda jumba zima kumkubali. Hopestill akabatizwa siku ileile, akapiga ukelele kwa yale maji baridi, na hata wale wasiocheka Sabato wakacheka. Nje wanawake walimkumbatia Mehetabel mmoja mmoja. Jabez alikuwa hajiwezi kwa furaha, anamrusha mtoto hewani.

"Tumeshinda, mke wangu! Mbona unalia tena? Wamekuamini!"

"Wameniamini, ndiyo," akasema Mehetabel. "Kijiji kizima sasa kinaamini nimeokoka, Jabez. Nimebaki mimi tu."