Taulo Juu ya Kompyuta

Jina lake silitaji. Kwetu aliyefariki hatajwi, wala picha na sauti yake hazifunguliwi mpaka ndugu zake waseme. Nitamwita Mwalimu, ingawa angenicheka.

Alianza kwa kupiga deki zahanati yetu hapa jangwani. Ndoo mkononi, macho kwa wauguzi wanavyofunga vidonda, hadi siku moja wakampa bendeji yeye. Miaka kumi baadaye alikuwa anatufundisha sisi wahudumu wa zahanati nne, kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa siku nzima, lakini kila Jumanne asubuhi tuko pamoja kwenye skrini. Kufunga jeraha alituonyesha kwa mkia wa kangaruu. Somo likiisha anaufungua na kwenda kuuchoma ale.

Alianza vilevile siku zote: "Mnanisikia? Mkikaa kimya nitajua mmekufa, nije niwazike." Halafu kwa mmoja wetu: "Delwyn, mwanangu, zima hicho kipaza sauti. Unatafuna biskuti, zahanati nne zinasikia!"

Alifariki ghafla, wakati wa joto. Masomo yake thelathini na moja yalikuwa yamerekodiwa, tukayafunga. Kisha ofisi ya mjini ikaandika: rekodi isiyofunguliwa kwa miezi mitatu itafutika yenyewe. Nikaenda kwa dada yake mkubwa, Valda.

"Shangazi, sauti yake itapotea."

"Na ukiifungua nitaisikia. Unataka kuniua?"

"Nitazima sauti. Nitafunika skrini."

"Wewe? Hata maji ya chai unaunguza." Akaingia ndani, akatoka na taulo la bluu. "Hili ni zito. Na usichungulie."

Basi, kila miezi mitatu nilifungua masomo yote, moja baada ya jingine, bila sauti, taulo juu ya kompyuta. Nilikaa kando nikijua yupo pale chini anaongea. Nilimtamani mno. Mara ngapi kidole kilienda kwenye kitufe cha sauti, nikakirudisha! Siku niliyogundua kwamba sikumbuki tena kicheko chake, nililia mpaka mgonjwa mmoja akaniletea maji.

Mwaka wa pili, Jumanne moja, Shangazi Valda aliingia na kaka zake wawili. Alikuwa amevaa vizuri.

"Imetosha," akasema. "Toa taulo."

Tukawasha skrini katika zahanati zote nne. Nikabonyeza somo la kwanza. Akatokea, mkia wa kangaruu mezani, miwani puani.

"Mnanisikia?"

Kila mtu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Mkikaa kimya nitajua mmekufa, nije niwazike."

Shangazi Valda akavuta kiti, akaisogelea skrini karibu kabisa.

"Tunakusikia, mdogo wangu," akasema. "Tunakusikia."